Faili Waliloliita Mjomba

Taimi Nangolo alikuwa msichana mwoga tangu utotoni, na hakuna mtu wa kwao aliyejisumbua kulificha jambo hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa jirani, aliogopa hata ng'ombe wa baba yake, ambao watoto wadogo kuliko yeye waliwachapa makofi ya mgongoni wakipita. Darasani, jibu alilolijua vizuri lilimkaukia mdomoni pindi mwalimu alipomtazama. Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda chuo kusomea kompyuta, nyumbani walishusha pumzi. Bibi yake, Loide, alifurahi kuliko wote.

"Hiyo kazi inamfaa," aliwaambia majirani waliokuja kumuaga mjukuu wake, vibuyu vya togwa ya uwele vikizunguka. "Kompyuta haina pembe. Haipigi teke. Atakaa kwenye kiti, na hakuna wa kumshtua."

Baada ya chuo Taimi alikaa kwenye kiti kweli, katika ofisi ndogo juu ya duka la magodoro mjini Ongwediva, kaskazini mwa Namibia. Na kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, aliogopa.

Ofisi ilikuwa ya Tate Heita, yaani Baba Heita kwa lugha yao, mtu mpole mwenye sauti nene, aliyekuwa na wateja wachache wadogo na mmoja mkubwa. Mteja huyo mkubwa alisambaza dawa ya kisukari vijijini, kwa mfumo wa kompyuta uliotunzwa na ofisi hii. Mgonjwa alisajiliwa kliniki, na mfumo ukajua anatumia kipimo gani na anachukulia dawa kituo gani. Siku ya gari, wauguzi walitoa dawa kwenye jokofu la stoo kwa kufuata majina yaliyokuwa kwenye skrini, na wagonjwa wakapata ujumbe wa simu kwamba gari linakuja. Aliyekuwa kwenye skrini alipata. Asiyekuwepo hakupata. Ulikuwa mpango mzuri, na Taimi aliuamini kiasi cha kumsajili bibi yake mwenyewe.

Alichokiogopa ni Mjomba.

Katika programu za namna hii, ombi lolote linalotoka kwenye simu ya mtu hupokewa kwanza na kidhibiti, yaani kipande cha msimbo kinachosikiliza mtu anataka nini, kinaagiza kifanyike, kisha kinamrudishia jibu. Aliyeuanzisha mfumo huu, ambaye siku nyingi alikuwa amehamia Windhoek, alitengeneza kidhibiti kimoja tu kwa mambo yote ya wagonjwa. Kusajili kulipita hapo. Kubadilisha namba ya simu kulipita hapo. Kuongeza kipimo, kufunga matibabu, kutuma ujumbe, kupanga majina ya safari, vyote vilipita hapo. Kila jambo jipya lilipoombwa, lilisokomezwa humo humo kwa "kama" nyingine: kama simu imebadilika, fanya hivi, kama muuguzi amefanya vile, fanya vingine. Faili la kidhibiti hicho likarefuka hata ikawa hakuna mtu aliyewahi kulisoma lote. Wakaliita Mjomba, kwa sababu katika koo zao hakuna ndoa, urithi wala ugomvi unaokwisha bila kupita kwa mjomba, na si kila mtu ana ujasiri wa kumuuliza sababu.

Ofisini palikuwa na desturi. Mtu akitaka kulifungua faili hilo, kwanza alisema kwa sauti, "Nagusa Mjomba." Wengine wote walihifadhi kazi zao, wakaondoa mikono kwenye vibodi, wakamjibu, "Usimwamshe." Akiharibu kitu, yeye ndiye wa kununua kapana, nyama ya kuchoma ya sokoni, kwa ofisi nzima. Mgeni angeona ni mchezo wa vijana. Kwa Taimi haikuwa mchezo. Yeye alitamka maneno yale kama mtu anayebisha hodi penye mbwa.

Mwaka huo mvua ilinyesha kwa wingi upande wa Angola, na maji yakaanza kushuka. Yalijaza mabonde moja baada ya jingine, polepole, bila kelele. Mwanzoni watu walichekelea, kwa kuwa maji yale huja na samaki, na wanawake wakaingia na vikapu vyao hadi kiunoni. Kisha yakapanda tena, na watu wakaanza kufungasha. Kliniki ikapiga simu ofisini: wagonjwa wanahamia kwa ndugu zao penye miinuko, wawekewe kitufe kwenye simu ili wabadilishe kituo wenyewe. Kitufe kimoja tu. Tate Heita akampa Taimi kazi hiyo.

"Nagusa Mjomba," alisema Taimi.

"Usimwamshe," alijibu Fillemon, kijana mwenzake wa meza ya pili, na akajifanya kujificha chini ya meza. "Mimi yangu iwe na mafuta, na pilipili nyingi."

Akaongeza "kama" yake. Akaijaribu: kituo kilibadilika. Akaijaribu tena kwa jina jingine la uongo: kikabadilika. Akakipeleka kitufe kwenye seva, kompyuta inayoendesha mfumo wote, akangoja simu ilie kwa malalamiko, na simu haikulia. Wiki hiyo alijiona mtu mzima.

Jumapili alikwenda kumwona bibi yake. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye shamba la uwele, na Bibi Loide alikuwa amekaa juu ya furushi lake akingoja kesho ahamie kwa binti yake mdogo, ng'ambo ya bonde, karibu na shule. Taimi alichukua simu ya bibi, akachagua kituo cha shuleni, akamwonyesha kitufe.

"Bonyeza hapa, bibi."

"Nikibonyeza inakuwaje?"

"Dawa yako inakufuata kule unakohamia."

"Peke yake?"

"Na gari, bibi."

Bibi Loide akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayeua kupe. Kisha akawaita wakwe zake waje waone kitu alichotengeneza mjukuu wake yule aliyekuwa akiwakimbia ndama.

Asubuhi ya siku ya gari, Taimi alikuwa ndiyo kwanza anamega andazi, simu ikalia.

"Taimi, hii simu yangu ni bubu?" aliuliza bibi.

"Kwa nini, bibi?"

"Kuna mzee hapa, fundi viatu, naye ni mtu wa sindano kama mimi. Yake imelia tangu jana, inasema gari leo. Yangu imenyamaza. Nikasema labda mnatuma kwa zamu."

Taimi aliliweka andazi chini. "Dawa imebaki kiasi gani?"

"Ya leo ipo. Ya kesho, labda niitikise chupa." Bibi akacheka kidogo. "Usihangaike. Ukinyamaza najua unahangaika."

Taimi alifungua mfumo akatafuta jina la bibi yake. Lilikuwepo, lakini kwa rangi ya kijivu, na mbele yake palikuwa na maneno mawili: *Amemaliza matibabu.*

Aliyatazama maneno yale mpaka herufi zikaanza kuchezacheza. Hakuna anayemaliza matibabu ya kisukari kwa umri ule. Alitafuta mtu mwingine aliyebadilisha kituo wiki hiyo: kijivu. Mwingine: kijivu. Wote waliobonyeza kitufe chake walikuwa wamemaliza matibabu.

Kitu cha kwanza kilichomjia, na baadaye hakupenda kukikumbuka, ni kwamba hakuna aliyemwona bado. Fillemon alikuwa amevaa vifaa vyake vya masikioni. Tate Heita alikuwa ndani akizungumza kwenye simu. Angeweza kutafuta njia kimya kimya. Kisha akamkumbuka fundi viatu na simu yake iliyolia, akasimama, na miguu ikamchukua hadi mlangoni kwa Tate Heita kabla woga haujampata.

"Tate, nimewafungia watu matibabu," alisema.

Walilifungua faili pamoja, wote watatu, wakashuka nalo mstari kwa mstari. Fillemon ndiye aliyeona, mbali sana chini ya ile "kama" ya Taimi. Mjomba, akipokea badiliko lolote, aliyaandika upya mambo yote ya mgonjwa: jina, simu, kituo, kipimo. Asicholetewa, alikiandika kuwa hakipo. Ukurasa wa kuhama ulileta kituo peke yake, basi kipimo kikaandikwa hakipo. Na chini zaidi kulikuwa na amri ya zamani, iliyowekwa kwa nia njema, kwa kuwa wauguzi walizoea kumwondoa mgonjwa kwa kufuta kipimo chake: kama kipimo hakipo, funga matibabu, mtoe kwenye safari, usimtumie ujumbe.

"Lakini mimi nilijaribu," alisema Taimi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kituo kilibadilika."

"Kituo ndicho ulichokitazama," alisema Fillemon, na safari hii hakufanya mzaha.

Tate Heita akampigia Sista Hileni, muuguzi wa stoo, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Sista, kuna majina yametoka kwenye skrini kwa makosa yetu. Unaweza kuwapakilia dawa zao hivyo hivyo?"

"Tate Heita, dawa haitoki kwenye jokofu bila jina," alijibu Sista Hileni. "Nikitoa kwa mdomo leo, hesabu itapungua, na kwenye safari ya Ijumaa kuna mtu atafungua mfuko wake akute hewa. Warudisheni, mimi nipo. Ila gari linaondoka saa nane, na dereva anasema maji yakipanda kidogo tu pale kwenye kivuko, hapiti tena mpaka yashuke."

"Mpaka lini?"

"Waulize wa Angola."

Sista alikuwa na uwezo wa kumfungua mgonjwa upya na kumwandikia kipimo kutoka kwenye kadi yake. Wakajaribu kwa Bibi Loide. Jina likatoka kwenye kijivu, likawa jeusi, na Taimi akavuta pumzi. Kisha akaona kituo. Mjomba, akimfungua mtu upya, alimhesabu kuwa mgonjwa mpya, na mgonjwa mpya alirudishwa kwenye kituo cha kijiji alikosajiliwa. Bibi Loide alikuwa amerudishwa kule kwenye shamba lililojaa maji, mahali ambapo gari haliendi. Na njia pekee ya kumtoa huko ilikuwa kitufe cha kuhama, ambacho kingemfunga tena.

"Ukimfungua anarudi majini," alisema Fillemon polepole. "Ukimtoa majini anafungwa."

Kuingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, zinakotunzwa taarifa zenyewe, hawakuweza. Ilikaa kwa mteja Windhoek, na kuomba ruhusa kulichukua siku kadhaa.

Tate Heita akavuta kiti. "Ongeza 'kama' moja," alisema. "Kama anahama, usiguse kipimo. Mstari mmoja, tumemaliza."

Ilikuwa kauli ya busara, na siku nyingine yoyote Taimi angeitikia. Lakini alikuwa akiutazama mstari wake mwenyewe, ule aliouandika wiki iliyopita. Haukuwa na kosa. Ukiusoma peke yake ulikuwa safi kama mtihani wa chuo. Ubaya wake ulikuwa mahali ulipokaa, katikati ya mambo asiyoyajua, yaliyokuwa yakisubiri chini yake gizani. Mstari mwingine ungekaa pale pale.

"Tate, siwezi," alisema.

"Huwezi, au hutaki?"

"Naogopa. Humu sijui ninachokigusa. Labda nikizuia kipimo hapa, kuna mahali Sista anaongeza kipimo kikakataa kuongezeka. Sijui. Hakuna anayejua. Nataka kuhama kuwe na kidhibiti chake. Kipya, nje ya Mjomba. Kimpate mtu, kipate kituo kipya, kiandike kituo, kijibu. Basi. Kisijue kwamba kuna kitu kinaitwa kipimo."

"Leo? Na gari linaondoka saa nane?"

"Nikikosea, nitakuwa nimeharibu kuhama tu. Na kuhama kumeshaharibika."

Tate Heita aliisogeza simu karibu. Alikuwa amemwajiri msichana huyu kwa sababu ya alama zake, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsikia akisema "nataka".

"Sista," alisema kwenye simu, "anza kuwafungua wote na kuwaandikia vipimo. Sisi tutawahamisha."

Taimi alirudi mezani kwake akafungua faili jipya. Lilikuwa tupu, jeupe, na lilimtisha kwa namna nyingine. Fillemon alikuwa ameshaondoa mikono yake kwenye kibodi, kwa mazoea, akingoja.

"Mbona hujabisha hodi?" aliuliza.

"Siendi kwake."

Aliandika. Vidole viliteleza, akafuta, akaandika tena. Chuoni alikuwa amefundishwa jambo hili, kila kidhibiti na kazi yake moja, akaliandika vizuri kwenye mtihani na kupata alama zote. Halafu akaja kazini akamkuta Mjomba, akafanya kama wenzake. Faili lilipokwisha, lote lilionekana kwenye skrini bila kushuka chini. Fillemon aliliinamia akalisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya ukoo.

"Mtafute mgonjwa. Hakikisha kituo kipo na gari linafika. Badilisha kituo. Jibu." Akanyamaza. "Halafu?"

"Ndiyo mwisho."

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Nasikia kizunguzungu," alisema Fillemon. "Sijawahi kuona mwisho wa kitu humu ndani."

Walijaribu kwa jina la uongo. Safari hii Taimi hakutazama kituo. Alitazama kipimo: kilikuwepo. Alitazama simu, jina, ujumbe, safari: vyote vilikuwa mahali pake. Akakielekeza kile kitufe cha kwenye simu za wagonjwa kwenye kidhibiti kipya, akapeleka kwenye seva, akashika kingo za meza.

Bibi Loide alikuwa wa kwanza, kwa sababu kama kuna mtu wa kuumizwa tena, Taimi aliona ni haki awe wa kwake. Hakumwambia hivyo. Alimpigia akamwomba abonyeze kitufe kama Jumapili.

"Nilishabonyeza."

"Bonyeza tena, bibi. Polepole."

"Mara ya kwanza sikubonyeza vizuri?"

Taimi alifumba macho. "Ulibonyeza vizuri. Mimi ndiye niliyekosea."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya kuku wa shangazi yake, kisha mlio mdogo wa kitufe. Kwenye skrini, kituo cha Bibi Loide kikabadilika kutoka kijijini hadi shuleni. Jina likabaki jeusi. Taimi alilitazama akingoja ligeuke kijivu. Halikugeuka. Alisukuma ukurasa uje upya, na bado lilikuwa jeusi.

"Eh," alisema bibi. "Simu yangu imesema. Inasema leo."

Waliwapigia wengine mmoja mmoja, Taimi na Fillemon wakigawana. Mmoja hakupokea, na Taimi alimpigia tena na tena huku mkono wake mwingine ukiwa umekamata pindo la blauzi yake, mpaka mkewe akapokea akasema mumewe yuko majini anavua, na kwamba anayejua kubonyeza ni yeye mkewe. Sista Hileni akatuma neno kwamba mifuko imejaa. Gari likaondoka.

Hapo ndipo woga wenyewe ulipokuja. Kabla ya hapo alikuwa na kazi; sasa alikuwa na saa tu. Alifikiria kivuko, magurudumu, mifuko ya barafu. Alifikiria kwamba asubuhi ile angeweza kumaliza andazi lake na asimwambie mtu. Alasiri ilipokuwa inalegea, bibi akapiga.

"Kijana wa gari amelowa mpaka mapajani," alisema. "Nimempa samaki. Dawa nimeiweka kwenye mtungi wa maji, kivulini. Sasa kula, maana najua hujala."

Taimi alijifungia chooni akalia bila sauti.

Kesho yake alinunua kapana, kama desturi ilivyotaka, yenye mafuta na pilipili nyingi. Walikula wamesimama kuzunguka meza. Tate Heita alijifuta vidole akamsifu, kisha akasema lile ambalo Taimi alilitarajia.

"Hilo la kuhama libaki hivyo hivyo nje. Lakini mengine tuyaache. Mjomba anafanya kazi."

"Alikuwa anafanya kazi juzi pia, Tate," alisema Taimi. Alisema akitazama nyama.

Tate Heita alichukua kipande kingine, akakitafuna sana. "Moja moja," alisema mwishowe. "Na kila moja uniambie kabla."

Mchana huo kulikuwa na jambo moja lililobaki. Ile "kama" ya Taimi bado ilikuwa ndani ya Mjomba. Kitufe hakikuipitia tena, lakini ilikuwepo, na siku moja mtu angekuja kuitumia bila kujua. Ilipaswa kutolewa. Alikaa mbele ya skrini kwa muda mrefu, mdomo umekauka kama zamani mbele ya ubao.

"Nagusa Mjomba," alisema.

Fillemon alihifadhi kazi yake. Tate Heita akatokea mlangoni. Mikono yote ikaondoka kwenye vibodi, na hakuna aliyesema "usimwamshe".

Taimi aliichagua mistari yake, akahakikisha ni yake tu, akaifuta. Lilikuwa jambo ambalo, kwa kumbukumbu ya ofisi ile, halijawahi kufanyika: Mjomba akawa mfupi. Akapeleka kwenye seva. Kisha akageuza simu yake uso juu, akaiweka katikati ya meza, na wote watatu wakakaa wakiitazama kama italia.